Barua kwa Dada Zuhura: Hifadhi Hazifungwi Majani Yakipukutika

Saint Paul, Minnesota, Marekani
2 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, ingawa baridi imekwisha kupiga hodi. Barua yako nimeipata na nimeirudia, hasa pale uliposema kwamba majani yamepukutika, hema mmelikunja, na sasa mnangoja mwezi wa Mei ndipo mrudi kwenye hifadhi. Nimeamua kukujibu kwa maandishi badala ya simu, kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu na ningependa ulisome kwa nafasi. Hifadhi za jimbo la Minnesota ziko wazi mwaka mzima. Kinachofungwa ni mabafu, mabomba ya maji kambini na baadhi ya ofisi. Njia, misitu na mito vinabaki pale pale, na mimi naiona miezi hii ya Novemba hadi Aprili kuwa ndiyo miezi mizuri kuliko yote, tena ndiyo ambayo hifadhi zinatuhitaji zaidi.

Anza na hifadhi ya Whitewater, ambayo kutoka kwenu Rochester ni mwendo wa gari wa chini ya saa moja. Mmeizoea wakati wa joto, watu wakiwa wamejaa kwenye meza za mandari. Nenda sasa. Bonde lile limechongwa katika mawe ya chokaa, na maji ya chemchemi hutoka chini ya mawe hayo yakiwa na joto lisilobadilika sana kati ya kiangazi na kipupwe, takribani nyuzijoto 9 za Selsiasi. Kwa hiyo mto huendelea kutiririka hata asubuhi ambazo hewa imeshuka mno chini ya sifuri, na mvuke hupanda juu ya maji ukagandia kwenye vijiti vya ukingoni hadi kila kijiti kikawa cheupe. Samaki wa trauti wanaonekana wakisimama dhidi ya mkondo, vichwa vikielekea yanakotoka maji, mikia ikicheza kidogo kidogo. Shemeji anayependa kuvua atafurahi kujua kwamba uvuvi unaruhusiwa humo kwenye hifadhi wakati wa baridi, mradi awe na leseni na kila samaki amrudishe majini.

Lipo jambo jingine litakalokufanya ulitazame bonde hilo kwa jicho tofauti. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1919, lakini bonde lenyewe lilikuwa limekwisha kuumizwa na kilimo. Walowezi walikata miti, wakalima na kuchunga mifugo kwenye miteremko mikali, na udongo ukakosa kitu cha kuushika. Mwaka 1938 kijiji cha Beaver, kilichokuwa chini ya bonde, kilifurika mara 28, na hatimaye watu wakakihama. Richard Dorer, ofisa wa uhifadhi wa jimbo, alikuwa mstari wa mbele katika kuponya ardhi ile: mashamba yaliyochakaa yakanunuliwa, miti ikapandwa, makorongo yakazuiwa yasizidi kukatika. Wakati wa kiangazi majani huficha yote hayo. Sasa miti ikiwa mitupu unaona umbo la mteremko kuanzia juu hadi chini, na unaelewa kwa nini hakuna mwenye akili ambaye angepitisha jembe pale. Wapeleke watoto wakaone, kwa maana darasani watasoma tu kwamba miti huzuia mmomonyoko, na pale wataona mteremko ambao miti imeuzuia.

Mimi kwa upande wangu huenda zaidi hifadhi ya Fort Snelling, kwa kuwa iko karibu na nyumbani, chini kidogo ya uwanja wa ndege, mahali ambapo mto Minnesota unaingia katika Mississippi. Wadakota, wenyeji wa asili wa eneo hili, hupaita Bdote, na kwao ni mahali patakatifu. Humo ndimo Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walimozuiliwa kambini katika kipupwe cha mwaka 1862 hadi 1863 baada ya vita kati yao na Marekani, na wengi walikufa kwa magonjwa na dhiki. Ipo kumbukumbu yao karibu na jengo la wageni. Nimekwisha kuisoma wakati wa joto na nimeisoma wakati wa baridi, na nakuambia kweli, dada, kusoma habari za kipupwe kile ukiwa umesimama kwenye upepo wa Januari, mikono ikiuma ndani ya glavu nzuri za dukani, ni kitu kingine kabisa. Nawaomba wageni wote wanaonitembelea wapite pale kwanza kabla hatujaenda kutafuta tai wenye vichwa vyeupe, ambao msimu huu huonekana kirahisi kwa kuwa hakuna majani ya kuwaficha.

Sasa nije kwenye upande wa kuzitunza, ambao ndio hasa ulionifanya nikae mezani. Wafanyakazi wa muda huondoka baada ya kiangazi, na wanaobaki ni wachache kwa eneo kubwa. Mara nyingi utakuta ofisi imefungwa. Mlangoni pana sanduku lenye bahasha: unajaza namba ya gari, unatia ada ya kibali cha siku, unachana kipande na kukiweka mbele ya kioo cha gari, kisha unaitumbukiza bahasha kwenye tundu la chuma. Hakuna anayekutazama. Fedha hizo husaidia kuziendesha hifadhi, na kipupwe ndicho kipindi ambacho mtu hushawishika kupita hivi hivi. Kwa familia yenu ni afadhali mkate kibali cha mwaka, kinachokubaliwa katika hifadhi zote za jimbo.

Theluji ikishaanguka, angalia sana mnapokanyaga. Mashine hupita ikalaza njia ya skii, yaani ya kuteleza juu ya theluji kwa mbao miguuni, na kuchora mifereji miwili, na mtu akiitembelea kwa miguu huacha mashimo ambayo usiku huganda yakawa magumu kama saruji. Kesho yake mtu mwingine anashuka kwa kasi, ubao wake unanasa. Zipo njia za watembea kwa miguu na za viatu vya theluji, na ramani ya hifadhi huzionyesha. Mbwa wenu naye afungwe kamba isiyozidi futi 6, kama kanuni inavyodai. Kulungu wa kipupwe anaishi kwa mafuta aliyojiwekea tangu majira ya kupukutika majani, na chakula anachopata sasa, vijiti na magome, hakitoshi kuyarudisha. Ukimkimbiza mara mbili tatu katika theluji ya magotini, umekula sehemu ya siku zake za Machi. Watoto wafundishwe kumtazama kwa mbali na kumwacha alale.

Kuhusu kuni naomba unisikilize kwa makini, maana najua mnapenda kukodi kibanda chenye joto na kuwasha moto nje. Msibebe kuni za nyumbani hata kama ni kavu na za bure. Kuna mdudu wa kijani kutoka Asia anayeua miti ya eshi (ash), na hapa Minnesota aligunduliwa mwaka 2009, katika mji wetu huu wa Saint Paul. Mabuu yake huchimba chini ya gome vijia vya kupindapinda vinavyokata njia ya chakula ya mti, hukaa humo kipupwe kizima, kisha joto likija hutoka yakiwa wadudu wenye mabawa. Gogo la Desemba linaonekana limekufa, kumbe lina maisha yanayongoja Juni. Mdudu mwenyewe haruki mbali sana kwa nguvu zake. Sisi ndio tunaomsafirisha kwa magari. Jimbo letu lina miti ya eshi ipatayo bilioni moja, na mitaani kwetu nimeshuhudia safu nzima zikikatwa hadi barabara ikabaki uchi. Kwa hiyo nunueni kuni pale hifadhini au kwa muuzaji aliyeidhinishwa, na mzichome zote huko huko.

Kazi ninayoipenda kupita zote ni ya kung'oa bakthoni. Ni kichaka kilicholetwa kutoka Ulaya katika karne ya 19 kwa ajili ya nyua za nyumba, kikatoroka kikaingia misituni, ambako huota kwa msongamano na kuzuia mwanga usiifikie michipukizi ya mialoni na maua ya mwituni. Ndege hula matunda yake meusi, yakawaharisha, na mbegu zikasambaa kila mahali. Uzuri ni kwamba Novemba humfichua adui huyu: miti ya asili ikiwa imekwisha kupukutisha majani, yeye bado amevaa kijani, unamwona kutoka mbali kabisa. Ukitaka uhakika, tazama ncha ya tawi uone mwiba mdogo, na ukikwangua gome la nje utakuta rangi ya chungwa ndani. Vichanga hung'oka kwa mkono maadamu ardhi haijaganda. Vikubwa huhitaji kifaa cha kung'olea au msumeno, na kisiki hupakwa dawa na mtu mwenye idhini. Usifanye peke yako, kwa sababu kung'oa mmea wowote hifadhini bila ruhusa ni kosa. Piga simu ofisini uulize siku za kujitolea, watakupokea kwa mikono miwili.

Na theluji ikiyeyuka, msikimbilie njia zenye tope. Baadhi hufungwa kwa muda na mkutii kibao, na zilizo wazi piteni katikati ya tope badala ya kuzunguka pembeni, kwa kuwa kila anayezunguka huipanua njia na kuua mimea iliyoanza kuchipua. Fort Snelling yenyewe hufurika baadhi ya miaka mito ikijaa, ikafungwa hadi maji yashuke.

Basi nina ombi. Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, siku inayofuata Sikukuu ya Shukrani, hifadhi zote za jimbo huingiwa bila kibali cha gari. Tungependa kuja huko kwenu tuende Whitewater pamoja. Huko kusini-mashariki kuna kipindi cha pili cha kuwinda kulungu kwa bunduki mwishoni mwa Novemba, kwa hiyo tutaleta fulana za rangi ya chungwa kwa kila mtu, na wewe ulizia ofisini mapema kama kuna eneo lililofungwa kwa ajili ya uwindaji. Jua huzama saa kumi na nusu jioni, hivyo tutoke asubuhi. Chai ya tangawizi na chapati niachie mimi. Shemeji alete ndoana zake. Nijulishe saizi za viatu vya watoto, maana wangu wamekua na nina jozi nzuri za buti za kuvaa kwenye theluji ambazo zitawafaa wako.

Ndimi ndugu yako,
Rehema