Safari ya Kiangwe: vyeti vya watoto

Asalaam aleikum ndugu zangu,

Jumamosi tunakwenda Kiangwe, kijiji cha Waaweer huko Lamu, inshallah. Boti itaondoka jeti ya Mokowe saa kumi na mbili asubuhi, kabla kusi halijachafua bahari.

Kazi ni moja: vyeti vya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia naibu wa chifu, basi mama akiwa mbali na ofisi mtoto hukua bila karatasi, na mbio huanza siku shule ikikiulizia cheti. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu azaliwe. Hatuendi kumfanyia mtu hisani.

Safari iliyopita niliwapanga kina mama foleni juani, nikaanza kujaza fomu kabla ya kuketi na wazee. Nilikosea, na bado linaniuma. Mara hii tunaanzia barazani. Wazee wakisema tungoje, tutangoja. Na tafadhalini, tuseme Waaweer. Waboni ni jina walilobandikwa na wengine. Hawa ni watu walioishi kwa kuwinda na kurina asali, hadi uwindaji ulipopigwa marufuku nchini 1977. Msitu ule wanaujua kuliko ramani yoyote.

Nahitaji mtu mmoja zaidi anayesema Kiaweer, ikiwezekana mwanamke, maana mambo ya uzazi mama hamwelezi mwanamume mgeni.

Maji na chakula tubebe wenyewe. Picha za watoto tusipige hata moja.

Nijibuni kabla ya Alhamisi magharibi.