Bei ya Kushona Soli: Tunachokifanya Hapa Kariakoo

Malalamiko ni yale yale: "Mbona fundi wa barazani anabandika kwa bei ya soda, nyie mnataka elfu kadhaa?" Juzi mama mmoja aliondoka amenuna, anaamini tumemlangua. Tunaomba tueleweke.

Babu alianzia hapa na makubadhi. Alikata ngozi mwenyewe, akaivuta juu ya kalibu ya mbao, akatoboa kwa msharasi na kushona kwa mkono. Shangazi ndiye aliyerithi benchi lake. Nchi ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikajaa na kiatu kipya cha mkono kikakosa mnunuzi. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, nacho kilifungwa mwaka 1990. Shangazi akahamia kwenye matengenezo, maana mitumba hiyo hiyo ilikuwa inaletwa kwake ishonwe upya. Sisi tulijifunza miguuni pake, na hakuruhusu soli itoke bila uzi.

Mnachotuletea kwa wingi sasa ni viatu vilivyopakwa supagluu nyumbani. Ile gundi ikikauka inakuwa kama kioo. Kiatu kikikunjwa kwenye vidole, inapasuka. Sisi inabidi tuikwangue kwa kisu, kisha msasa, na ngozi inaondoka nayo. Ndipo tupake gundi yetu pande zote mbili, tuiache hadi isinate kidoleni, tugongee kwa nyundo, tushone kuzunguka. Kazi iliyokuwa ya kushona tu imegeuka ya kuweka soli mpya, na bei inapanda hapo.

Halafu kuna soli za povu, zile nyepesi. Kaka mmoja alileta viatu vya harusi alivyovitunza kabatini miaka, tukaanza kutoboa, soli ikamomonyoka kama keki kavu. Alisema tumembadilishia. Hatukumbadilishia! Unyevunyevu wa Dar huivunjavunja soli hiyo kutoka ndani, hata kama haijavaliwa. Tangu siku hiyo tunaikunja soli mbele ya mwenye kiatu kabla ya kupokea kazi.

Soli ikianza kuachia, ilete hivyo hivyo, bila gundi. Viatu vya shule vya kushona tu unasubiri na kuondoka navyo. Vya soli mpya vinalala hapa usiku mmoja.