Barua kutoka Niigata: watoto wanaosema keki

Niigata, Japani
20 Februari 2024

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima na kwamba mguu wa Mama umeanza kupata nafuu. Mimi sijambo, ingawa theluji imefika magotini na jioni zote naota moto wa jiko la mafuta ya taa, kama vile sijazaliwa Tanga.

Baba, uliniuliza kwenye simu ni kazi gani hasa ninayoifanya, nami nikakujibu kwa mkato kwa sababu kwenu jua lilikuwa likizama na huku ilikuwa imeshafika saa sita ya usiku. Mimi ni mwalimu msaidizi wa lugha. Tangu mwaka 2020 Kiingereza ni somo kamili kwa darasa la tano na la sita, vipindi 70 kwa mwaka, na wadogo wa darasa la tatu na la nne wana vipindi 35 vya kuizoea lugha kwa nyimbo na michezo. Kipindi ni dakika 45, na mwenye kipindi ni mwalimu wa darasa. Mimi husimama kando yake nikitamka maneno ili watoto wayafuatishe. Kuna siku najiona kama redio iliyokodishwa, nasema nikiwashwa na nanyamaza nikizimwa.

Wiki iliyopita, hata hivyo, redio ilipata la kusema. Darasa la tano walikuwa wakijifunza kuagiza chakula, wengine wauzaji na wengine wateja, na binti mmoja akaniagiza "keki", vilevile kama anavyoitamka Mama, isipokuwa yeye aliivuta kidogo ile e. Kazi yangu ilikuwa kumwambia aikate ile i ya mwisho. Alijaribu mara tatu, na mara ya nne akaibana midomo yake kwa vidole viwili ili i isipate pa kutokea, lakini ikatoka hivyo hivyo. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwani nilikuwa namsahihisha mtoto kwa kosa ambalo nyumbani kwetu si kosa. Basi nikawaeleza kwamba sisi pia tunasema keki; kwamba basu yao ni basi letu, na buranketto yao ni blanketi letu; na kwamba a, e, i, o, u zetu zinakaribiana sana na zao. Darasa zima likapiga ukelele mmoja mrefu wa mshangao, na mwalimu wao akanipa chaki, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nifike.

Uliuliza pia kuhusu fimbo. Haipo, Baba, sheria yao ya elimu ya mwaka 1947 iliikataza. Darasa langu kubwa kuliko yote lina watoto 28, nami nakumbuka wewe ulipokuwa ukifundisha ulikuwa na zaidi ya 90 na ndoo moja ya maji, kwa hiyo silinganishi. Ila wakati wa usafi ukifika, watoto wenyewe hupiga deki koridoni kwa vitambaa, na mwalimu mkuu naye huwa nje akiondoa theluji kwa koleo.

Mama, kuhusu chakula usiwe na wasiwasi. Tunakula darasani pamoja na watoto, ambao huvaa aproni na kofia nyeupe na kupakuliana wenyewe wali, mchuzi na samaki, kila mmoja na maziwa yake ya mililita 200. Kabla ya hapo mwalimu mkuu huwa ameshaonja, ili kikiwa na kasoro kimwanzie yeye. Kikibaki kitamutamu, hukigombea kwa mchezo wa mikono wa jiwe, mkasi na karatasi, na mimi sipewi upendeleo: nimeshashindwa mara nyingi na mtoto wa miaka tisa.

Nina ombi moja. Binti yule wa keki ameniuliza kama watoto wa kwetu nao wanafundishwa kuikata ile i. Baba, naomba upite katika shule uliyostaafia, umwombe mwalimu wa darasa la tano watoto wake watuandikie mstari mmoja mmoja, na neno keki liwemo.

Wasalaam,
Binti yenu