Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi

Ndugu wanachama, mafundi sanifu wenzangu wa maabara, na ninyi walimu wa sayansi mliotoka Himo na Hai na mvua hii, karibuni.

Ya vikao na fedha Katibu na Mhazini wamekwishayasoma. Langu ni dogo: ada hailipwi kwa salamu.

Nataka nikae kwenye mradi wa kupima DNA kwa umeme, maana huko ndiko pesa ilikokwenda na ndiko nilikokosea. Mnakumbuka kilichotuingiza humo. Vipimo vingi hutaka DNA ipachikwe rangi ya kung'aa, na vitendanishi vyake vinataka friji. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi unamwaga. Njia hii haipachiki kitu. Mwaka 1960 Emil Paleček wa Brno alionyesha, kwa elektrodi (ncha ya kupitishia umeme) ya zebaki, kwamba DNA yenyewe hutoa ishara ya umeme.

Sisi zebaki hatukuigusa. Tulinunua vijiti vya grafiti vya penseli ya kubonyeza viwe elektrodi, duka la vifaa vya shule karibu na Mnara wa Saa. Ukipandisha volti taratibu, ikifika karibu na volti 1, guanini, moja ya herufi nne za DNA, inapoteza elektroni na kwenye skrini kinainuka kilima. Siku kilipoinuka mara ya kwanza mwalimu mmoja alipiga vigelegele. Simtaji, anajijua.

Tatizo, kiliinuka pia kwenye kikombe ambacho hatukutia DNA tunayoitafuta. Wiki mbili tulilaumu maji, tukaosha vyombo, tukatengeneza upya bafa ya asetati, kile kimiminika cha kutuliza kiwango cha asidi. Kumbe uzi wa kunasia, yaani kipande kifupi cha DNA cha kuikamata ile tunayoitafuta, tulioagiza ulikuwa na guanini zake mwenyewe! Ilitakiwa kila guanini ya uzi huo iwekwe inosini, herufi mbadala: nayo hushikana na sitosini, mwenza wa guanini, lakini pale penye kilima cha guanini haitoi kitu. Hivyo kilima ukikiona, unajua kimeletwa na mgeni. Fomu ya kuagiza niliisaini mimi, bila kusoma ule mstari wa herufi hadi mwisho. Mhazini msimguse.

Kamati inaomba ridhaa ya kuagiza uzi mwingine. Wapo wanaotaka turukie impidensi, yaani kupima ukinzani kwa umeme wa kwenda na kurudi. Uti wa DNA una chaji hasi. Uzi ukinaswa, chaji hiyo inaongezeka na kuzisukuma mbali ioni za ferisianidi, chumvi inayotiwa kikombeni ipokezane elektroni na elektrodi, hasi nazo, kwa hiyo ukinzani unapanda. Naikubali, ila potenshostati, kile kifaa cha kupandisha volti na kupima mkondo, tuliyoazimwa haipimi impidensi, na kununua nyingine kwa mfuko huu ni ndoto. Tumalize penseli kwanza. Hayo ni maoni yangu. Kura itapigwa baada ya chai.

Na aliyeondoka na pipeti ya mikrolita 20 airudishe kabla ya kura.