Kofia sita, gramu 540: barua ya wazi kwa Meneja wa Vifurushi, Tanga

Ndugu Meneja,

Assalaam aleikum. Jina la ofisi yako silitaji. Wewe unaijua, na wote tuliokaa pamoja kwenye lile benchi la mbao chini ya feni tunaijua. Siandiki kukuvunjia heshima. Nimefika dirishani kwako mara saba kuulizia kifurushi changu kisichofika, na karibu kila mara nimeondoka na jibu lile lile: "Subiri tu, mama." Sasa naandika kwa sababu kusubiri kwenyewe kuna mwisho wake, na mwisho huo umekaribia.

Tarehe kumi ya Rajabu nilileta kifurushi cha kwenda Muscat, Oman, kwa binamu yangu. Ndani mna kofia sita za mkono. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: Rajabu ipite, Shaabani ipite, hata kikichelewa namna gani Ramadhani itakikuta kimefika, watu wavae Idi. Idi Ndogo imepita. Idi Kubwa nayo tumeshakula nyama yake. Leo ni kumi na tano Mfunguo Tatu, na kifurushi Muscat hakijafika, Dar es Salaam wanasema hakijawaingilia, na kwenye kompyuta yako kinaonekana kimepokelewa Tanga, basi, kikaishia hapo.

Naomba nikueleze kofia ni kitu gani, maana kijana aliyenipokea alipoona nimeandika "kofia 6" kwenye fomu ya forodha aliniuliza kama ni za mtumba. Kofia ya mkono inaanza na kitambaa cheupe na mchoro wa penseli. Kila ua kwenye mchoro ni vitundu, na kila kitundu unakitoboa, kisha unakizungushia uzi kwa sindano mpaka ukingo wake usimame wenyewe. Kitundu kikiwa kikubwa kiasi cha kupitisha punje ya uwele, umeharibu. Kofia moja yenye kazi inanichukua mwezi na siku kadhaa, kati ya kupika, kwenda sokoni Mgandini na kuuguza. Tano kati ya zile sita ni zangu. Ya sita ni ya mama. Ndiyo ya mwisho aliyoimaliza kabla mtoto wa jicho hajamzidi, na kwenye safu ya chini, upande wa nyuma, pana mahali sindano imekwenda mrama vitundu vitatu akakataa nisimfumulie. Ile haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya kaka yake, mjomba wetu, aliyehamia huko tangu ujana wake.

Kifurushi kizima, boksi na gundi yake, kilipima gramu 540 kwenye mizani yako. Risiti ninayo.

Mara ya kwanza kuulizia, sina neno. Niliambiwa mizigo ya nje huchelewa, nikakubali. Mara ya pili binti wa dirishani aliandika namba ya kifurushi changu nyuma ya kipande cha bahasha kuukuu, akasema atapiga simu Dar. Mara ya tatu nikaambiwa namba "haisomi", labda nimeikosea mimi.

Hilo la kukosea lilinikera, kwa kuwa namba sikuitunga, nimeisoma kwenye risiti yenu. Mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha nne, akaniambia, "Shangazi, lete hiyo risiti." Kumbe namba hizi za kimataifa zina utaratibu wake: herufi mbili mbele, tarakimu tisa katikati, kisha herufi mbili za nchi, kwetu TZ. Na tarakimu ya tisa haiwekwi ovyo, inatokana na zile nane za mwanzo. Ya kwanza unaizidisha kwa 8, ya pili kwa 6, kisha 4, 2, 3, 5, 9, na ya nane kwa 7. Unajumlisha zote, unagawanya kwa 11, na kinachobaki unakitoa kwenye 11. Tulikaa barazani na kalamu. Yangu ilileta jumla ya 213, ukigawanya kwa 11 inabaki 4, ukiitoa 4 kwenye 11 unapata 7. Tarakimu ya tisa kwenye risiti yangu ni 7. Kwa hiyo namba ni nzima, Ndugu Meneja. Kama kuna aliyekosea, ni aliyeibonyeza.

Mara ya nne nilikwenda na hesabu hiyo kwenye daftari. Binti hakuwa na muda nayo, na simlaumu, foleni ilikuwa imefika mlangoni. Lakini nilipoinama kuokota kalamu yangu nikakiona kile kipande cha bahasha chenye namba yangu. Kimekunjwa mara nne, kimesukumizwa chini ya mguu wa meza. Ile meza ilikuwa ikiyumba. Sasa haiyumbi tena, kwa kweli.

Sikusema kitu. Nilicheka njia nzima mpaka Makorora, halafu usiku sikulala.

Binamu naye huko hakukaa. Alikwenda posta ya kwao, wakamwambia uchunguzi wa mzigo uliopotea unaanzia kwa mtumaji, pale ulipotumwa, kwa fomu inayoitwa CN 08. Akanitumia picha yake kwa WhatsApp. Fomu hiyo haikutungwa Oman wala Tanzania. Ni ya Umoja wa Posta Duniani, ule ulioundwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, ambao siku yake ya kuzaliwa huadhimishwa kila tarehe 9 Oktoba. Nilipoionyesha dirishani, hiyo mara ya tano, jibu likawa: "Hizo fomu hatuna, mama. Subiri, kitafika tu."

Sasa sikiliza kilichonikosesha usingizi. Kanuni za umoja huo huo zinasema mtumaji ana miezi sita ya kuulizia mzigo wake, ikihesabiwa kuanzia siku inayofuata ile aliyoutuma. Ikipita, mlango umefungwa. Nimehesabu kwa kalenda ya ukutani, si kwa mwezi wa angani: zimenibakia siku zisizotimia thelathini. Kwa maana hiyo kila "subiri" niliyopewa ilikuwa inakula kwenye ile miezi sita. Mimi nilidhani ninavumilia, kumbe ninanyang'anywa haki kwa maneno matamu. Sidhani kama binti yule anajua. Na asipojua yeye aliyeko dirishani, nani wa kumfundisha kama si wewe?

Huenda kifurushi hakikupotelea kwako. Huenda kiko Dar nyuma ya kabati, au kimeshafika Muscat lebo ikabanduka. Mimi sijui, nawe hujui, na fomu iliwekwa kwa ajili ya watu wasiojua. Kupotea kwa mzigo nimekwisha kukusamehe. Kinachonishinda ni kwamba kwa mara zote saba hakuna mtu aliyeandika popote, kwa wino, kwenye kitabu chenye tarehe, kwamba mimi nilifika na kulalamika. Ukiondoa kile kipande cha bahasha, kwenye ofisi yako mimi sipo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa akituma vitu Arabuni kwa jahazi. Unampa nahodha, mnaandikiana, jahazi linaondoka na kusi. Kaskazi ikivuma linarudi, na babu anashuka bandarini kumuuliza nahodha uso kwa uso. Mzigo ukizama baharini, huambiwa umezama, na watu waliokuwamo wanashuhudia. Sitaki turudi huko. Nasema tu kwamba palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Wala huhitaji kwenda mbali hivyo. Nenda stendi ya Kange asubuhi uone vifurushi vya Dar vinavyopakiwa kwenye mabasi. Konda hana mfumo, ana maka peni na simu. Anaandika namba ya mpokeaji ubavuni mwa boksi kwa herufi kubwa, anakukatia kikaratasi, na jioni mtu wako anapigiwa simu. Vinapotea pia, nisidanganye, lakini ukirudi kesho yake yule konda utamkuta na atakupa maneno, hata ya kugombana. Watu wa Tanga hawakukimbilia mabasi kwa kupenda harufu ya dizeli. Ningekuwa na basi la Muscat nisingekusumbua.

Mara ya sita nilipelekwa kwa bwana mmoja wa meza ya ndani. Alikuwa na adabu, aliniamkia, akanipa kiti. Akasema kwa upole kwamba hata nikifungua dai nitapata kidogo, kwa kuwa fidia ya kifurushi ina kiwango chake na nyongeza yake huhesabiwa kwa kilo. Nakubali, ndivyo kanuni zilivyo. Na kwa kilo mimi nimekwisha: pweza mmoja wa kati pale soko la samaki la Deep Sea anazizidi uzito kofia zangu zote sita na boksi lake. Miezi saba ya vidole vyangu, na macho ya mama, havipandi mizani. Lakini bwana yule alidhani nafuata pesa. Nilimwambia, nami narudia kwako, pesa iwe baadaye au isiwepo. Nataka mtu atakayelazimika kunijibu kwa maandishi kifurushi kilionekana mara ya mwisho wapi, lini, mkononi mwa nani. Hilo fomu ndilo inalouliza.

Mara ya saba ilikuwa juzi. Dirisha lilikuwa na kibao cha "Tumetoka kidogo". Nilikaa saa nzima na dakika arobaini.

Majirani wananishauri nipande juu. Nimesoma: huduma za posta ziko chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na pembeni lipo baraza la kuwatetea watumiaji. Arusha nako, safari ya basi ya siku moja kutoka hapa, ndiko kuliko makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika, kwa hiyo nchi yetu haina kisingizio cha kutoyajua mambo haya. Lakini popote nitakapogonga, swali la kwanza litakuwa moja: "Ulilalamika kwa mtoa huduma? Nakala iko wapi?" Nami nitatoa nini? Nitawapa kipande cha bahasha? Kimeshikilia meza.

Usiniambie pia kwamba sipatikani. Mlangoni kwangu pana kibao cha namba tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, postikodi yetu inaanza na 21 kama Tanga yote, na simu yangu imeandikwa kwenye fomu yenu mara mbili, kwa sababu kijana alisema ya kwanza haisomeki.

Mama bado anauliza. Haulizi kuhusu kofia, anaulizia kama kaka yake amesema chochote kuhusu ile kasoro ya safu ya chini. Anaogopa ataiona. Nimemwambia bado hajaifungua. Ni kweli, si uongo, lakini si jibu ninaloweza kumpa kwa miezi mingine.

Basi nimefanya hivi. Ile picha ya CN 08 nimeipeleka steshenari ya barabara ya saba, wameisafisha na kunitolea nakala nne. Zote nimezijaza kwa herufi kubwa: jina, anwani ya binamu, tarehe, uzito, vilivyomo, na namba yenye 7 yake mwishoni. Nimebakiza sehemu ya ofisi tu, pale pa tarehe ya kupokelewa, sahihi na mhuri. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye benchi la kushoto. Kalamu ninayo, na kidau cha wino wa mhuri nimekinunua pia, maana mara ya pili nilisikia mnasema umekauka.

Wako,
Mshona kofia, Makorora, Tanga