Wateja nao waulizwe nani mfanyakazi hodari

Mhariri,

Kila Mei Mosi tunaona wafanyakazi hodari wakipewa vyeti na bahasha. Sina ugomvi na hilo. Ninachojiuliza ni nani aliyewachagua. Mara nyingi ni wakubwa wao na wenzao wa ofisini. Sisi tunaopanga foleni dirishani hatuulizwi.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama yangu kuchukua dawa za presha. Dada wa dirisha la dawa alibaini kwamba mama hasomi vizuri. Akachukua kalamu, akachora jua kwenye pakiti moja na mwezi kwenye nyingine, kisha akamwambia, "Haya bibi, sasa nielekeze wewe utakavyozimeza." Nyuma yetu watu walianza kunung'unika, yeye wala hakuharakisha. Tangu siku hiyo mama hajachanganya dozi.

Masanduku ya maoni yapo, ila tumezoea kuyajaza malalamiko tu (mengine hata kufuli limeota kutu). Kabla ya Wiki ya Utumishi wa Umma, inayofikia kilele Juni 23, waajiri waweke fomu fupi: jina la mhudumu na alichokufanyia. Yangu nimeshaiandika kichwani.

Msomaji wako,
Dar es Salaam