Mjomba, Usiwape Ile Datsun

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu hatumalizi. Mara laini inakatika, mara mkaza mjomba anakuita ukale, mara wewe mwenyewe unasema "sawa, sawa" na mimi nabaki sijui kama neno limeingia. Tena najua hauko peke yako. Wako wazee wengi Voi, Tanga, Nakuru, Moshi, wenye gari lililolala chini ya mti na watu wa vyuma chakavu wanaobisha hodi. Nao wasome.

Mama ameniambia wamekuja mara ya pili kuitazama Datsun. Kwamba wameipigia hesabu ya kilo. Kwamba umewaambia utafikiri. Basi kabla hujamaliza kufikiri, nisikilize kwanza habari za wikendi yangu, maana hiyo Datsun imo ndani yake mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwa Marekani hukuhuku, Elkhart Lake, jimbo la Wisconsin, nikishindana na Datsun yangu kwenye mbio za magari ya zamani, uwanja unaoitwa Road America. Kutoka kwangu Joliet ni kama saa nne ukiwa unavuta trela. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuukanyaga. Mimi nimezoea Blackhawk Farms huku Illinois, uwanja mfupi wa kilomita 3 hivi, tambarare kama sahani, kona zake nazijua hata usingizini. Huko Road America mzunguko mmoja ni kilomita 6.5, kona 14, na ardhi inapanda na kushuka kama barabara ya kutoka Mwatate kwenda Wundanyi. Wanasema enzi za kale barafu kubwa ilipita hapo, ikayeyuka na kuacha vilima na mashimo. Hata majina ya njia yametokana na barafu hiyo: Moraine Sweep, Kettle Bottoms.

Historia yake ungeipenda. Kuanzia 1950 hadi 1952 walikuwa wakishindana kwenye barabara za kijiji zenyewe, watu wamejipanga kandokando vilevile tulivyokuwa tukijipanga sisi. Halafu mwaka huo wa 1952 mtoto akauawa kwenye mbio za Watkins Glen, kule New York, na Wisconsin nako mbio za barabara za umma zikapigwa marufuku. Ndipo watu wa Elkhart Lake wakajenga uwanja wao kwenye mashamba nje ya kijiji. Ukafunguliwa 1955, na njia ya leo kwa jumla ni ileile.

Nilifika Alhamisi jioni. Kabla sijashusha gari kwenye trela niliazima baiskeli nikazunguka njia nzima. Hilo nimelitoa kwako. Kumbuka uliponipeleka milimani Taita kungoja magari ya Safari, yale mashindano ya magari ya Kenya, miaka ile Shekhar Mehta alipokuwa akishinda mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun zake. Hukuniketisha kivulini. Ulinitembeza barabara kwa miguu kwanza, ukaniambia nikanyage vumbi nione ni jepesi au lina changarawe, ukanionyesha jiwe lililofichwa na nyasi kwenye kona. "Dereva akilala vizuri usiku ni kwa sababu amelijua hili jiwe." Nilikuwa mtoto, na magari yalipokuja yalipita kwa dakika moja tu kisha vumbi. Lakini ile kona naikumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo nikaendesha baiskeli polepole. Kuna mahali panaitwa Kink, katikati ya msitu, baada ya kona ndefu ya kulia inayokuzungusha mpaka shingo inauma. Kwenye ramani Kink ni kijipindo tu, huwezi kukiogopa. Lakini nilipofika pale nikashuka baiskeli. Njia inapinda kulia, na upande wa kushoto ukuta wa zege umekaa karibu mno, una alama nyeusi za matairi ya waliotangulia. Unafika hapo na mwendo, na huoni unakotokea mpaka umekwisha kuingia. Nikaweka kiganja kwenye ule ukuta. Ulikuwa bado na joto la jua.

Ijumaa ni siku ya mazoezi. Mbele yangu kulikuwa na Alfa Romeo ya manjano, na dereva wake ni bibi wa miaka sabini na kitu, mwalimu mstaafu. Nikaamua kumfuata, nifanye anavyofanya yeye. Akishika breki nami nashika, akiachia naachia. Mzunguko wa tatu nikaona kwamba kwenye Kink hashiki breki kabisa. Anainua mguu kidogo mapema, analituliza gari, kisha anarudisha mafuta kabla ya kupinda, na gari linakaa limejibana barabarani. Mimi nilikuwa nikishika breki katikati ya kona, mkia wa gari unapepesuka. Jioni nilimfuata nikamshukuru. Akaniambia, usiutazame ukuta, tazama ule mti mkubwa mbele. Jumamosi asubuhi nikautazama mti. Muda wangu ulikuwa dakika 3 na sekunde 9 Ijumaa, ukashuka hadi 3 na sekunde 1.

Gari langu unalijua kwa picha, lakini ngoja nilieleze kwa ajili ya wengine. Ni Datsun ya 1971, huku wanaiita 510, kwetu tuliiita 1600. Injini ni L16, sentimita za ujazo 1595, na kila gurudumu la nyuma linajitegemea, jambo ambalo magari mengi ya bei yake wakati ule hayakuwa nalo. Ndiyo maana lilikaa vizuri barabarani. Kwetu Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari ya 1970, aina ya SSS. Huku Marekani timu ya Peter Brock, BRE, ikachukua ubingwa wa mashindano ya Trans-Am, daraja la injini ndogo, 1971 na 1972, John Morton akiwa usukanini. Gari lilelile, Mjomba. Moja lilipita kwenye matope yetu, jingine likakimbia kwenye lami yao, na yote mawili yakarudi na ushindi.

Sasa sikia la Jumamosi mchana. Gari likaanza kukohoa. Si kila mahali. Mwisho wa zile sehemu ndefu zilizonyooka tu, nikiwa gia ya nne na mguu umezama. Linakohoa, linapungua nguvu, nikiinua mguu kidogo linarudi sawa. Blackhawk halijawahi kunifanyia hivyo hata siku moja. Nikarudi padoki, ndivyo wanavyopaita mahali tunapoegesha na kutengenezea, na kila aliyepita akaja na dawa yake. Mmoja akasema platini. Mwingine koili. Mwingine akataka nifungue kabureta zote mbili hapohapo.

Nikaketi kwenye tairi nikakusikia wewe: "Gari likizima ghafla kama taa, tafuta umeme. Likikohoa kabla ya kukataa, tafuta mafuta."

Nikafungua filta ya mafuta. Nikaipuliza kwa mdomo kama ulivyonifunza, ikanibania, kama kupuliza filimbi iliyojaa mchanga. Nikaimimina kwenye kikombe cheupe cha chai. Mwanzoni petroli ilionekana safi. Nikaiacha itulie, na chini ya kikombe pakajikusanya unga mwekundu, mwembamba kama pilipili ya kusaga. Kutu ya tenki. Kwenye uwanja mfupi mafuta yanapata nafasi ya kujaa tena kwenye kabureta kabla injini haijayamaliza. Huku nilikanyaga kwa muda mrefu mno, injini ikawa inakunywa kuliko filta inavyopitisha. Ugonjwa ulikuwamo siku zote, ila ulikuwa haujapata barabara ndefu ya kujionyesha.

Filta ya akiba sikuwa nayo. Sasa ona watu hawa. Jirani yangu padoki ana BMW 2002, tumo kundi moja, na muda wake na wangu umepishana sekunde moja na nusu. Alikwenda kwenye gari lake la vipuri akaniletea filta mpya ndani ya boksi lake. Nikamuuliza bei. Akasema nitairudisha siku yoyote, tukutane popote. Kisha akapiga magoti kunishikia mpira wa mafuta wakati nakaza klipu. Kesho yake mtu huyu ndiye niliyekuwa nashindana naye.

Nimeshangaa mara nyingi kwa nini mbio hizi ziko hivi, na nadhani nimeelewa. Huku kwenye mbio za magari ya zamani kuna sheria wanaiita 13/13. Ukimgonga mwenzako na kosa likawa lako, unawekwa chini ya uangalizi miezi 13. Ukirudia ndani ya muda huo, unafungiwa miezi 13. Hakuna fedha za kushindania. Gari lililotengenezwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita halina kiwanda cha kulizaa tena, na kila mtu pale anajua kwamba bodi ya mwenzake ikikunjwa, limepungua moja duniani. Kwa hiyo unashindana kwa nguvu zako zote, lakini unamwachia mwenzako upana wa gari lake.

Jumapili mbio zilianza saa tano asubuhi. Magari 31. BMW ilikuwa mbele yangu tangu mwanzo, naiona matako tu. Mzunguko wa tano nikatoka vizuri kwenye Kink, macho yangu kwenye mti, filta mpya inapitisha, gari halikukohoa hata mara moja kwenye ule mnyooko wa Kettle Bottoms. Tukafika Canada Corner sambamba, mimi ndani, yeye nje. Hapo unashika breki kwa nguvu, kisha unapinda kulia. Nilimsikia injini yake upande wa kushoto, nikamwachia nafasi yake, naye akaniachia yangu, tukapinda pamoja milango ikiwa karibu kiasi cha kupeana mkono. Nilitoka mbele. Mzunguko uliofuata akanirudishia palepale. Tulimaliza hivyo, yeye wa 13 mimi wa 14, na muda wangu bora ulikuwa dakika 2 na sekunde 57. Tulipozima injini alikuja akanikumbatia na kofia yake bado kichwani.

Lakini si hilo lililonifanya nikae usiku kukuandikia.

Unajua hapa madereva huandika majina yao kwenye mlango, chini ya dirisha. Mimi mlango wa kulia nimeandika FUNDI WA VOI. Jumapili mchana nilikuwa nakula mahindi ya kuchoma, ndiyo, wanayachoma hapo, ila wao huyachovya kwenye siagi iliyoyeyushwa, akaja mzee mmoja na mjukuu wake. Akasoma yale maandishi polepole, akauliza ni lugha gani. Nikamwambia Kiswahili, na kwamba huyo fundi ni mjomba wangu aliyenifundisha kushika spana, na kwamba yeye mwenyewe anayo 1600 kama hii. Mzee akasimama wima. Anazijua Safari za zamani, alikuwa akizisoma magazetini akiwa kijana. Akaniuliza, "Bado ipo?"

Nikasema ipo. Iko chini ya mwarobaini, nyuma ya nyumba.

Akaniuliza kama inatembea. Nikasema haijawashwa siku nyingi. Akamgeukia mjukuu wake akamwambia, umesikia, Kenya kuna moja ambayo haijatoka kwenye nyumba yake. Aliyasema kwa heshima kabisa. Na mimi nilikuwa na wiki moja tu tangu Mama aniambie habari ya kilo. Mahindi yalinishinda kumeza.

Mjomba, najua shida ziko. Najua dawa za presha hazingoji, na gari lililolala halilipi bili. Kama ni fedha wanazotoa wao, nitazituma mimi, na nitaongeza. Usiseme utanidai, maana mimi ndiye ninayedaiwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja uliponiruhusu kwa mara ya kwanza kurekebisha vali za injini ile, ukanishikia taa saa mbili nzima, hukuninyang'anya spana hata nilipokosea. Mikono yangu ilijifunza kwenye chuma hicho. Wao watakikata vipande kwa gesi kwa asubuhi moja.

Natua Mombasa tarehe 12 Desemba, nami nitakuja na seti ya gasketi, platini, pampu ya mafuta na mipira ya breki. Kabla ya hapo nakuomba kazi ndogo, na mwambie yule kijana wa jirani akusaidie, usiiname peke yako. Toa petroli yote ya zamani kwenye tenki. Ng'oa plagi zote nne, mimina kijiko kimoja cha oili ya injini kwenye kila silinda, iache wiki nzima. Usiiwashe. Kisha toa gia, chukua spana kubwa, shika nati ya puli mbele ya injini, uizungushe taratibu kwa mkono kuelekea inakozunguka.

Ikizunguka hata robo, nipigie simu. Saa yoyote, hata kama huku ni usiku wa manane.

Mpwa wako,
Joliet